Gesi ya MIG isikuishie katikati ya mshono

Jumamosi moja asubuhi niliingia karakanani, nikawasha mashine ya MIG, ile inayochomelea kwa waya na gesi, nikabonyeza kitufe cha bunduki ya kuchomelea, na mshono wa kwanza ukatoka umejaa vitundu kama sifongo. Kutazama geji, sifuri. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimechomelea dakika zisizofika kumi, na mtungi ulikuwa umetoka kujazwa. Niliondoka bila kufunga vali, na nati moja iliyolegea ikaendelea na kazi yake usiku na mchana.

Hesabu yake ni rahisi, na inauma. Gesi ikivuja lita 0.2 kwa dakika, kiasi ambacho huenda hata sikio lisikisikie, kwa siku moja zinapotea lita 288. Kwa siku saba ni lita 2,016. Mtungi wa lita 10 uliojazwa hadi presha ya baa 200 hubeba gesi lita 2,000 hivi. Mtungi mzima, basi, na hakuna vyuma viwili vilivyounganishwa. Anayechomelea kwa kupenda tu, jioni mojamoja, gesi yake haiishi akiwa kazini. Inaisha akiwa amelala.

Hatua ya 1: Jua gesi unayoihitaji

Kazi ya gesi ni kuizuia hewa isiguse chuma kilichoyeyuka. Oksijeni na nitrojeni zikiingia humo, mshono unatoboka na kuwa dhaifu. Kwa chuma cha kawaida una njia mbili: kabonidayoksaidi tupu, au mchanganyiko wa arigoni na kabonidayoksaidi, ambao mara nyingi huwa 75 kwa 25, 80 kwa 20 au 82 kwa 18. Kabonidayoksaidi ni rahisi kwa bei na huzamisha mshono vizuri kwenye chuma kinene, ila hurusha matone mengi na mshono wake hauna sura. Mchanganyiko unatulia zaidi, na kwenye bati jembamba tofauti utaiona siku ya kwanza.

Alumini inataka arigoni tupu. Hapo hakuna mjadala, kwa sababu kabonidayoksaidi huiharibu. Chuma kisichoshika kutu kinataka arigoni yenye kabonidayoksaidi kidogo sana, asilimia 2 hivi; ukikichomelea kwa ule mchanganyiko wa 75 kwa 25, vyuma vitaungana, lakini mshono utapoteza sehemu ya uwezo wake wa kuzuia kutu, na wewe ulilipia chuma hicho kwa sababu ya uwezo huohuo.

Usinunue mitungi mitatu kwa ajili ya kazi ambazo huenda usizifanye. Ukiwa unachomelea chuma cha kawaida kwa asilimia kubwa, mchanganyiko mmoja unatosha.

Hatua ya 2: Hesabu dakika

Mtungi upimie kwa dakika za kuchomelea. Zidisha ujazo wa mtungi kwa lita na presha kwa baa, kisha gawanya kwa mtiririko unaotumia. Mtungi wa lita 10 kwa baa 200 ni lita 2,000. Ukitumia lita 10 kwa dakika, una dakika 200 za tao, ule moto wa umeme unaoyeyusha chuma, kuwaka. Geji ikifika baa 50 zimebaki lita 500, yaani dakika 50. Zinaonekana chache, mpaka ukumbuke kwamba katika saa nzima ya kazi, tao lenyewe huwaka dakika kadhaa tu. Muda mwingine wote unakata, unasaga, unapima, unakuna kichwa.

Kabonidayoksaidi huhesabiwa kwa kilo. Kilo 1 hutoa gesi lita 540 hivi kwenye joto la kawaida la chumba, kwa hiyo mtungi wa kilo 10 una zaidi ya lita 5,000. Ndiyo maana mtungi mdogo wa kabonidayoksaidi hudumu kuliko mtungi wa arigoni unaolingana nao kwa umbo.

Ile mitungi midogo ya kutupa, yenye ujazo wa lita 1 hivi, ni mtego. Mmoja uliojazwa kwa baa 100 unakupa lita 100, dakika kumi za tao. Ni mizuri kwa kujaribu mashine mpya au kwa dharura ya Jumapili, lakini ukigawanya bei yake kwa lita utaujua ukweli.

Kuhusu kukodi au kununua mtungi, swali la msingi ni moja: unachomelea kila wiki au kila msimu? Kodi ya mwezi inaendelea kuhesabiwa hata mashine ikishika vumbi. Anayechomelea mara chache hufaidika na mtungi wake mwenyewe, au mpango wa kuweka amana kisha kulipia gesi tu. Ukinunua mtungi uliotumika, soma tarehe ya kupimwa iliyogongwa kwenye bega lake. Mitungi hupimwa upya kila baada ya miaka kadhaa, mara nyingi 5 au 10 kulingana na aina yake na nchi, na uliopitwa na tarehe hautajazwa mpaka upimwe. Kabla hujatoa pesa, uliza pia kama wajazaji watakubali kuujaza. Baadhi yao hubadilishana mitungi yao tu, na mtungi wako utabaki pambo.

Rangi isikudanganye. Ulaya bega la arigoni hupakwa kijani iliyokolea na la kabonidayoksaidi kijivu, lakini Marekani hakuna rangi moja inayofuatwa na wote. Soma lebo.

Hatua ya 3: Jifunze geji inakuambia nini

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu geji moja husema mambo mawili tofauti kulingana na kilichomo mtungini.

Arigoni na michanganyiko yake hukaa mtungini ikiwa gesi iliyobanwa. Sindano hushuka sambamba na matumizi: nusu ya presha, nusu ya gesi. Joto huipotosha kidogo. Mtungi unaosoma baa 200 kwenye nyuzi 15 utasoma kama 214 kwenye nyuzi 35, na hakuna aliyekuongezea kitu. Zoea kusoma saa ileile, kabla ya kuanza kazi.

Kabonidayoksaidi ni hadithi nyingine. Mtungini huwa kimiminika chini na mvuke juu, na geji inapima presha ya huo mvuke, ambayo hutegemea joto. Kwenye nyuzi 20 ni baa 57 hivi, uwe umetumia kilo moja au kilo sita. Sindano inakaa palepale wiki baada ya wiki, wewe unajiona tajiri, kisha siku moja inaanza kuteremka. Hapo kimiminika kimekwisha na umebakiwa na mvuke peke yake, kama robo ya mzigo wa awali kwenye joto hilo. Na chumba kikipita nyuzi 31, kabonidayoksaidi haiwezi tena kuwa kimiminika, kwa hiyo hata kanuni hiyo ya baa 57 haifanyi kazi.

Dawa yake ni mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye bega, mara nyingi mbele ya herufi TW au neno TARE. Ondoa regyuleta (kifaa cha kupunguza presha kinachofungwa kwenye vali), pima mtungi, toa uzito huo, kinachobaki ni gesi yako kwa kilo. Mizani ya kawaida ya kupimia mizigo inatosha.

Mimi hubandika kipande cha utepe wa karatasi kwenye mtungi na kuandika tarehe na presha kila ninapofunga kazi. Inachukua sekunde tano. Tofauti kati ya namba niliyoandika nikifunga na namba ninayoikuta nikifungua ndiyo iliyonionyesha kila uvujaji tangu ile Jumamosi.

Hatua ya 4: Funga regyuleta kwa utaratibu

Mtungi uwe umefungwa kwa mnyororo kabla hujagusa kingine. Geuza mdomo wa vali mbali na watu, ufungue kidogo na kuufunga mara moja ili vumbi litoke, kisha weka regyuleta na ukaze nati kwa spana inayokaa sawasawa.

Usizungushe utepe mweupe wa mabomba kwenye nyuzi za nati hiyo. Kwenye viungio vingi vya arigoni, kinachozuia gesi ni chuma kukaa juu ya chuma. Nyuzi zinabana tu. Utepe hauzibi kitu, na vipande vyake vikikatika vinaingia kwenye regyuleta. Viungio vya kabonidayoksaidi mara nyingi vina washa (pete ya kuziba) laini, na washa hiyo huchoka. Weka mbili za akiba kwenye droo. Mafuta na grisi visiguse viungio hata kidogo.

Sasa legeza skrubu ya kurekebishia mpaka iwe inazunguka bure, simama pembeni ya geji, si mbele yake, na ufungue vali polepole. Presha ya baa 200 ikiingia kwa kishindo huumiza kiwambo kilichomo ndani, na kioo cha geji si ngao.

Hatua ya 5: Saka uvujaji

Jaribio hili lifanye siku ya kwanza, kila unapobadilisha mtungi, na kila unapohisi kitu hakiko sawa.

Fungua mtungi, weka mtiririko wako wa kawaida, kisha funga vali ya mtungi bila kubonyeza kitufe cha bunduki. Gesi imebaki imenaswa kwenye regyuleta na mpira unaoipeleka kwenye mashine. Weka alama ya kalamu kwenye kioo mahali sindano ya presha kubwa, ile ya mtungi, ilipo, kanywe maji, urudi baada ya nusu saa. Sindano ikiwa palepale, lala usingizi. Ikiwa imeshuka, gesi inatoka mahali fulani baada ya vali.

Kujua ni wapi, gawa njia vipande viwili. Rudia jaribio, lakini safari hii legeza skrubu ya regyuleta mpaka mwisho ili isipitishe kitu. Sindano ikishuka tena, kosa liko upande wa mtungi: nati, washa, au geji yenyewe mahali inapoingia kwenye regyuleta. Isiposhuka, kosa liko mbele, kwenye mpira, kwenye mashine au kwenye vali ya umeme iliyomo ndani yake.

Baada ya hapo chukua maji ya sabuni na brashi ndogo. Paka kila kiungio kikiwa na presha na utazame mapovu kwa subira, maana uvujaji mdogo hutoa povu moja kila baada ya sekunde kadhaa. Paka pia shina la vali ya mtungi likiwa wazi. Hilo husahaulika sana. Vali ya umeme ijaribu mashine ikiwa imezimwa na mtungi uko wazi: vika mdomo wa nozeli, ile ncha ya bunduki inayotoa gesi, kifuko chembamba cha plastiki, ufunge kwa mpira wa bendi. Kikivimba, vali haifungi sawasawa, mara nyingi kwa sababu ya uchafu.

Kuna uvujaji mmoja unaokwepa majaribio yote hayo, nao ni wa pete za mpira mahali bunduki inapoingia kwenye mashine. Hapo gesi hupita tu kitufe kikibonyezwa. Legeza roli zinazosukuma waya ili waya usitoke, weka bunduki mbali na kazi na klempu ya athi kwa sababu waya una umeme, kisha mwenzako abonyeze kitufe wakati wewe unasikiliza na kupaka povu kwa brashi upande wa nje wa kiungio tu, maji yasiingie kwenye mashine. Pete zilizopasuka ni vitu vya bei ndogo, lakini nimewahi kuona mtu akibadilisha regyuleta mbili kabla ya kuzifikiria.

Na ukimaliza kazi, kila siku: funga vali ya mtungi. Bonyeza kitufe kidogo kuitoa gesi iliyobaki mpirani, kisha legeza skrubu. Ukifanya hili peke yake na kuacha mengine yote, tayari umeokoa gesi nyingi.

Hatua ya 6: Weka mtiririko unaofaa

Kwa kuanzia, zidisha kipenyo cha waya kwa kumi. Waya wa milimita 0.8 unataka lita 8 kwa dakika, wa milimita 1.0 lita 10. Ongeza mbili au tatu kukiwa na hewa inayotembea, na kwa alumini anza na 12 hadi 15. Wengi huweka 20 kwa kudhani kwamba gesi zaidi ni ulinzi zaidi. Sivyo. Gesi ikitoka kwa kasi kupita kiasi kwenye nozeli ndogo huvurugika, na katika kuvurugika huko huvuta hewa ya pembeni na kuiingiza palepale unapopalinda. Unalipia gesi mara mbili ili upate vitundu vilevile.

Kipimo chenyewe kichunguze. Bomba la kioo lenye gololi linapima gesi inayopita kweli. Geji iliyochorwa lita kwa dakika inapima presha tu mbele ya tundu dogo, na wewe unaambiwa ni lita. Nozeli ikiziba kwa matone, gololi itashuka lakini geji ya namna hiyo itaendelea kukuonyesha 10 bila aibu. Kuna kijibomba cha mkononi chenye gololi ambacho hushikizwa kwenye mdomo wa nozeli. Ndicho kifaa cha kwanza ningenunua baada ya kofia na glavu. Ukisoma 10 kwenye regyuleta na 7 kwenye nozeli, lita 3 zinapotea njiani na unarudi hatua ya tano.

Upepo ni adui mkubwa kuliko mtiririko mdogo. Upepo wa kilomita 8 kwa saa, kasi ya mtu anayekimbia polepole tu, unatosha kuipeperusha gesi. Zuia upepo kwa ubao au turubai badala ya kufungua gesi zaidi, na feni iangalie mgongo wako, isiangalie meza.

Kuna upotevu mwingine kwa wanaoshikiza vyuma kwa nukta nyingi fupi za kuchomelea. Ukiachia kitufe, presha hujijenga mpirani, na ukibonyeza tena inatoka kwa mlipuko. Mpira wa mita 3 wenye tundu la milimita 6 ukiwa na presha ya baa 3 huhifadhi karibu robo lita ya ziada. Nukta ya sekunde moja kwa lita 10 kwa dakika inahitaji lita 0.17 tu. Kwa maneno mengine, kinachopotea kinazidi kinachotumika. Fupisha mpira kadiri unavyoweza, tumia wenye tundu dogo, au weka kizuio cha gesi upande wa mashine.

Regyuleta ya kabonidayoksaidi ikianza kushika barafu, umetoa gesi haraka kuliko mtungi unavyoweza kupata joto. Pumzika, au pitisha maji ya uvuguvugu juu ya chuma chake. Moto usiusogeze kabisa. Kama kazi zako ni za mishono mirefu, ipo regyuleta yenye hita ya umeme.

Usilaumu gesi kwa kila kitundu

Vitundu vikitokea na gololi iko sawa, angalia kwanza kutu, rangi, mafuta na zinki kwenye chuma. Kisha safisha nozeli. Kisha tazama mkono wako: bunduki iliyolazwa kupita nyuzi 15 hivi, au waya uliotokeza zaidi ya milimita 15, huacha mshono nje ya mwavuli wa gesi. Mtungi uje mwisho kwenye orodha ya washukiwa.

Hatua ya 7: Heshimu mtungi

Arigoni haina harufu, nayo ni nzito kuliko hewa. Chukua chumba cha mita za ujazo 20 kilichofungwa, umwagie lita 2,000: oksijeni inashuka kutoka asilimia 21 hadi karibu 19, na kanuni za usalama kazini za Marekani huanza kuhesabu hatari chini ya 19.5. Mtungi wa kilo 10 wa kabonidayoksaidi ukimwagika humo ni hatari ya kifo, kwa sababu gesi hiyo, mbali na kufukuza hewa, hudhuru mwili yenyewe. Zote mbili hutuama chini, kwa hiyo shimo la gari si mahali pa kuweka mtungi. Tena tao hugeuza sehemu ya kabonidayoksaidi kuwa monoksaidi ya kaboni. Acha mlango wazi.

Mtungi ukianguka na vali ikakatika, unaruka kama roketi. Mnyororo ukutani, kofia kichwani unaposafirishwa, regyuleta imetolewa, na garini usimame umefungwa madhubuti huku madirisha yakiwa wazi. Ukifika, ushushe. Gari lililoachwa juani si ghala.

Usitumie kizima moto cha kabonidayoksaidi badala ya mtungi, hata ukikipata bure. Ndani kina mrija unaofika chini, kwa hiyo hutoa kimiminika, na regyuleta yako haikuundwa kwa ajili hiyo. Mitungi ya gesi yenye mrija wa namna hiyo ipo pia. Uliza kabla ya kuchukua.

Hatua ya 8: Agiza mapema, na uwe na akiba

Kwa arigoni na michanganyiko, mimi huagiza sindano ikifika baa 50. Kwa kabonidayoksaidi, zikibaki kilo mbili kwenye mizani. Kama mjazaji yuko mbali au hufunga mwisho wa wiki, panda juu zaidi. Kazi ndefu usiianze chini ya kiwango hicho, hasa ile ambayo mshono hautakiwi kukatika.

Usiumalize mtungi hadi mwisho. Acha baa chache na ufunge vali, ili unyevu na hewa visiingie ndani. Mtungi uliorudishwa wazi huja na matatizo kwenye ujazo unaofuata, na mara nyingi anayeyapata si wewe bali mwingine.

Akiba yangu si mtungi wa pili. Ni kibobini cha waya wenye dawa ndani, ule unaojikinga wenyewe bila gesi. Unakaa kwenye mfuko uliofungwa ili usipate unyevu, na gesi ikiniishia usiku nabadilisha roli kwa zenye meno, nageuza nyaya za umeme ili bunduki iwe upande wa hasi, kinyume cha waya wa kawaida, na naendelea. Moshi wake ni mwingi na gamba lazima uligonge kwa nyundo, lakini geti linapona siku hiyohiyo. Ukirudi kwenye gesi, kumbuka kurudisha bunduki upande wa chanya. Niliwahi kusahau, nikapoteza jioni nzima nikipaka sabuni kwenye viungio ambavyo havikuwa na kosa lolote.